Mkate wa Nyumbani na wa Dukani: Hesabu ya Moto na Muda

Juni 2024 mkate uliingia kwenye siasa za Kenya. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza mkate, uliokuwa hautozwi VAT, utozwe asilimia 16. Kwa mkate wa gramu 400 uliokuwa ukiuzwa shilingi 65 hivi za Kenya, hiyo ni nyongeza ya shilingi kumi hivi, na mama anayenunua mikate miwili kila asubuhi hakuhitaji mchumi wa kumfafanulia mwezi wake ungekuwaje. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 18, siku ambayo vijana walikuwa tayari mitaani Nairobi. Siku nane baadaye Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini muswada mzima.

Kila bei ya mkate inapotikisika, swali lile lile hurudi majikoni: kwa nini tusioke wenyewe? Unga upo dukani, hamira ipo, na kukanda si kazi ngeni kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba ya chapati na maandazi. Swali ni zuri, ila wengi hulijibu kwa kuangalia bei ya unga peke yake. Unga ndio sehemu nyepesi ya hesabu hii. Sehemu nzito ni mbili: moto na muda.

Tuanze na hiyo nyepesi. Mkate wa gramu 400 hutoka kwenye donge la gramu 450 hivi, kwa sababu sehemu ya maji huondoka kama mvuke wakati wa kuoka. Ndani ya donge hilo unga ni gramu 260 hadi 270. Kinachobaki ni maji, na kidogo cha sukari, mafuta, chumvi na hamira. Kwa hiyo pakiti ya kilo mbili hutoa mikate saba, na unga kidogo wa kunyunyizia meza. Chukua bei ya pakiti kwenye duka la mtaani kwako, igawe kwa saba, ongeza kidogo kwa ajili ya hamira na mafuta, kisha weka jibu kando ya bei ya mkate wa slesi. Kwa nyumba nyingi mkate wa nyumbani utatokea kuwa nafuu sana, mara nyingine karibu nusu ya bei.

Sasa washa oveni.

Oveni ya umeme ya kawaida ina nguvu ya kilowati mbili hivi. Kuipasha mpaka ifike nyuzi 200 na zaidi, kisha kuoka kwa nusu saa au dakika arobaini, hula uniti moja hadi moja na nusu. Kwa bei iliyozoeleka miaka hii ya shilingi 356 hivi za Tanzania kwa uniti kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, mkate mmoja unakunywa umeme wa shilingi 350 hadi 530. Gharama hiyo inakaribia kabisa ile ya unga wenyewe. Nyumba zilizo kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei ya chini sana, lakini nazo zina mtego wake: anayeoka kila siku ataongeza uniti 30 hadi 45 kwa mwezi, na akivuka kiwango chake, uniti za ziada zitalipiwa kwa bei ya juu zaidi. Familia inaweza kujiona imeokoa pesa dukani kumbe imezihamishia kwenye luku ya umeme.

Dawa ipo, nayo ni kuujaza moto. Oveni ikishapata joto hubeba makopo matatu au manne kwa umeme unaokaribia kuwa ule ule wa kopo moja. Mwokaji wa nyumbani anayefanikiwa kifedha ni yule anayeoka Jumamosi mikate minne, anabakiza mmoja wa kula na kugandisha mitatu. Anayewasha oveni kwa mkate mmoja kila asubuhi anakula mkate mzuri, lakini asijihesabie kwamba ameokoa pesa.

Kwenye mkaa hesabu ni nyingine. Mkaa wa mjini umepanda bei mwaka hadi mwaka, na Tanzania imejiwekea lengo, katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, kwamba asilimia 80 ya wananchi wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kuwasha jiko la mkaa makusudi kwa ajili ya mkate ni gharama isiyo na faida. Kutumia makaa yaliyobaki baada ya maharage kuiva ni jambo jingine kabisa, na mabibi wa Pwani walilijua zamani: sufuria chini, mfuniko wa bati juu, makaa machache chini na mengi yakapaliwa juu ya mfuniko. Hiyo ni oveni kamili. Moto wa juu ukizidi wa chini, mkate hauungui kitako na uso wake unapata rangi.

Kuna jambo moja ambalo kuoka nyumbani hakuliondoi. Kenya na Tanzania zote mbili huagiza sehemu kubwa ya ngano zinazokula, licha ya mashamba ya Narok, Uasin Gishu na Hanang. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya ngano duniani iliruka, na aliyeoka nyumbani aliumia pamoja na mwenye kiwanda. Mkate wa unga wa ngano, popote unapookwa, unafuata bei ya meli.

Basi kama akiba inapatikana kwa masharti, kuna sababu gani nyingine ya kujisumbua? Hapa linaingia suala la muda, na kwa kweli ndilo linalotenganisha mikate hii miwili kuliko pesa.

Mwaka 1961 watafiti wa taasisi ya waokaji wa Uingereza, iliyokuwa katika mji mdogo wa Chorleywood, kaskazini-magharibi mwa London, walipata njia ya kuoka mkate bila kusubiri donge liumuke kwa saa nyingi. Mashine zenye nguvu kubwa hulisukasuka donge kwa kasi kwa dakika chache tu. Humo hutiwa hamira nyingi kuliko kawaida, vitamini C ya kuimarisha unga, na mafuta magumu. Kuanzia unga unapoingia kwenye mashine hadi mkate uliokatwa na kufungwa unapotoka, hupita kama saa tatu na nusu. Uingereza ilipata faida kubwa: iliweza kutumia zaidi ngano laini ya mashamba yake, isiyo na protini nyingi, na mkate ukawa rahisi na laini. Njia hiyo, pamoja na nyingine za haraka zinazofanana nayo, imeenea duniani kote. Mkate wa slesi ambao Marekani ilianza kuuza Julai 1928 katika mji wa Chillicothe, Missouri, kwa mashine ya Otto Rohwedder, ulikuwa umepata mwenzake: kisu kilirahisisha kula, na Chorleywood ikarahisisha kuoka.

Kilichoondolewa ni saa, na saa hizo zilikuwa na kazi. Unga unapokutana na maji, protini zake mbili hushikana na kufanya utando unaovutika uitwao gluteni. Hamira, ambayo ni viumbe hai vidogo mno, hula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na utando ule huishika hewa hiyo kama puto elfu moja ndogo. Hewa peke yake hupatikana haraka. Ladha haipatikani haraka. Donge likikaa saa nyingi, hamira na bakteria wachache waliomo hutengeneza asidi, pombe na harufu ambazo hakuna kiungo cha pakiti kinachoweza kuzileta. Kwa unga wa ngano nzima kuna faida ya ziada: vimeng'enya vya unga hupata nafasi ya kuvunja fitati, kemikali ya kwenye pumba ambayo hushikilia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri mwilini.

Kiwanda hakiwezi kusubiri, kwa sababu kila saa ya kusubiri ni nafasi, mshahara na mtaji uliolala. Nyumbani kusubiri ni bure. Donge halihitaji kuangaliwa. Mtu anakwenda kazini, analala, anaswali, anafua, nalo linaendelea na shughuli zake. Huu ndio utajiri halisi wa jiko la nyumbani, na inasikitisha kwamba watu wengi wanaoanza kuoka huutupa kwa kumimina hamira nyingi ili mkate uwe tayari ndani ya saa moja.

Hapa Pwani wanaoanza hukutana na tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Maelekezo mengi huandikwa kwa jiko la nyuzi 21 au 22. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari jiko lina nyuzi 30 au zaidi, na donge linaloambiwa liumuke saa moja na nusu huwa limekwishapita kiasi kabla saa moja haijatimia. Likizidi kuumuka, utando wa gluteni huchoka, mkate hupanda kisha ukabonyea ndani ya oveni, na ladha yake hugeuka kuwa ya pombe. Kwa joto hilo, nusu ya hamira iliyoandikwa hutosha, na maji ya kukandia yawe ya baridi, si ya vuguvugu. Arusha au Nakuru mwezi wa Julai mambo hugeuka, na maji ya vuguvugu hupata kazi yake, ila yasiwe ya moto: yakikaribia nyuzi 60, hamira hufa. Aliyenunua hamira asiyoiamini aitie kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo. Baada ya dakika kumi povu likiwa halijajitokeza, pakiti hiyo haifai.

Unga nao una tofauti. Mkate unaopanda vizuri unataka unga wenye protini ya gramu 11 hadi 13 katika kila gramu 100, na jedwali la virutubishi nyuma ya pakiti husema ukweli huo kuliko picha ya mbele. Unga wenye protini chache hufaa keki na biskuti. Kwenye mkate utatoa kitu kizito kinachovunjika.

Novemba 2006 gazeti la New York Times lilichapisha njia ya Jim Lahey, mwokaji wa Sullivan Street Bakery jijini New York, ambayo iliwarudisha watu wengi kwenye kuoka. Njia yenyewe haina kukanda. Unga, maji mengi kuliko kawaida, chumvi na hamira kidogo sana, chini hata ya nusu kijiko cha chai, huchanganywa kwa dakika moja na kuachwa saa 12 hadi 18. Muda huujenga utando ule ambao mikono ingeujenga kwa kukanda. Kisha donge huokwa ndani ya sufuria zito lenye mfuniko, lililopashwa moto sana kwanza, ili mvuke wa donge lenyewe ubaki humo na ganda liwe jembamba na la kuvunjika kwa mlio. Kwa joto letu saa nane au kumi zinatosha. Mtu yeyote mwenye sufuria la chuma analopikia pilau ya shughuli tayari anacho chombo ambacho wapishi wa New York walikimbilia kununua.

Lakini mlinganisho wa mkate wa nyumbani na wa dukani hauwezi kuishia kwenye mkate wa kopo. Ipo mikate ambayo kwa kawaida kiwanda hakiitengenezi, na Waswahili wanaioka nyumbani vizazi hata vizazi bila kuiita kazi ya ajabu.

Mkate wa kumimina ni mmojawapo. Mchele hulowekwa usiku, husagwa na tui zito la nazi, hutiwa hamira, sukari na hiliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa kwenye sufuria lililopakwa mafuta. Mchele hauna gluteni, kwa hiyo hakuna utando wa kuvutika unaoshika hewa. Mapovu hushikiliwa na uzito wa uji wenyewe mpaka moto uugandishe. Ndiyo maana mpishi mzoefu, rojo likishapanda, hulimimina taratibu na hakubali mtu alikoroge tena. Mapovu yakishapasuka hayarudi.

Mkate wa ufuta wa Zanzibar unadai ujasiri zaidi. Unga wa ngano, tui na hamira hupigwa kwa mkono mpaka uwe mwepesi, wa kunata, usioweza kusukumwa wala kushikwa kama donge. Kikaango kizito huwekwa motoni bila mafuta. Mpishi huchovya mkono kwenye bakuli la maji, huchota unga, huubwaga katikati ya kikaango na kuutandaza kwa vidole vilivyolowa mpaka ufike ukingoni, kisha hunyunyiza ufuta juu. Chini unaposhika, matundu madogo huanza kujitokeza usoni. Hapo hukamata mpini na kukigeuza kikaango kifudifudi juu ya makaa. Mkate hauanguki, kwa sababu umeng'ang'ania chuma. Ndiyo sababu ya kutotia mafuta. Uso wake unaelekea moto moja kwa moja, ufuta unaanza kulia na kunukia, na baada ya muda mfupi hugeuzwa tena, ukabanduliwa kwa kisu na kupakwa samli ungali moto. Hakuna mkanda wa kiwandani unaofanya hivyo.

Upo pia mkate ambao nyumba haiuwezi, na ni haki kuutaja. Boflo la tanuri la kuni, kama linavyookwa Unguja, halipatikani kwenye oveni ya jikoni. Tanuri la matofali huwashwa kuni kwa muda mrefu mpaka sakafu, kuta na paa lake vijae joto. Mikate ikiingizwa, joto huipiga kutoka pande zote kwa nguvu isiyopungua, na mvuke wa mikate mingi iliyo pamoja huliacha ganda likinyooka kabla halijakauka. Oveni ya bati ya nyumbani hupoteza joto jingi mara mlango unapofunguliwa. Kwa boflo la jioni ya Ramadhani, linalofika nyumbani likiwa bado moto, mnunuzi hapaswi kuona haya hata kidogo. Ameununua moto ambao hana.

Suala la afya huzungumzwa kwa makelele mengi, nalo linafaa kusemwa kwa utulivu. Mkate wa kiwandani mara nyingi huwa na kalsiamu propionati ya kuzuia ukungu, na mafuta maalumu yanayoufanya uendelee kuwa laini. Viungo hivyo vimeruhusiwa katika nchi nyingi kwa viwango vilivyowekwa, na kuviita sumu ni kutisha watu bure. Jambo linalostahili macho zaidi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Mkate wa gramu 400 uliotiwa chumvi kwa kipimo cha kawaida cha waokaji, asilimia mbili ya uzito wa unga, una gramu 5 na zaidi kidogo. Anayekula nusu yake kwa chai amekwishatumia nusu ya fungu lake la siku kabla ya mchuzi. Afrika Kusini ililichukulia suala hili kwa uzito hadi ikaweka kisheria kikomo cha sodiamu kwenye mikate, kilichoanza kutumika Juni 2016. Anayeoka nyumbani hana haja ya kusubiri sheria. Anaweza kuipunguza hadi asilimia moja na nusu na watoto wasigundue.

Tahadhari nyingine ni ya rangi. Mkate wa kahawia si lazima uwe wa ngano nzima. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo kama unga wa ngano nzima haupo mwanzoni, rangi ile haimwambii mnunuzi lolote la kumfaa. Na anayeoka kwa unga mweupe nyumbani asijisifu kupita kiasi: nyuzinyuzi zilizoachwa kinuni hazirudi kwa sababu mkate umeokwa na mama. Jambo jema ni kwamba Tanzania tangu 2011 na Kenya tangu 2012 zimeagiza unga wa ngano wa viwandani uongezwe virutubishi, yakiwemo madini ya chuma na asidi ya foliki, na hivyo humfikia mnunuzi wa unga sawa na mnunuzi wa mkate.

Linabaki tatizo la kuhifadhi, ambalo huwavunja moyo wengi siku ya pili. Mkate wa nyumbani hukauka upesi, na watu hudhani umepoteza maji. Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha mwaka 1852 kwamba mkate huwa mgumu hata usipopoteza maji. Wanga ulioiva hujipanga upya kadiri unavyopoa, na kujipanga huko ndiko kunakoufanya uwe mgumu. Baridi ya friji huharakisha jambo hilo, kwa hiyo friji ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka mkate, ingawa huzuia ukungu. Friza ni tofauti, maana inagandisha kila kitu mahali pake. Mkate upoe kabisa, ukatwe slesi, ufungwe vizuri kwenye mfuko na kugandishwa siku ile ile uliyookwa. Asubuhi slesi hutolewa moja moja na kwenda moja kwa moja kwenye tosta au kikaangoni. Nyumba isiyo na friza isioke zaidi ya mlo wa siku mbili, iufunge mkate kwenye kitambaa kisafi, na ikumbuke kwamba kwa unyevunyevu wa Pwani ukungu hauchelewi baada ya hapo. Slesi iliyokauka lakini haina ukungu, ikipashwa moto, hulainika tena kwa muda mfupi, na isipoliwa hukaushwa kwenye oveni inayopoa na kusagwa kuwa chenga za kuvingirishia katlesi.